Tembea Kila Siku, Lakini Anzia Kwenye Sahani

Kila Januari inapoingia, na tena Ramadhani inapokwisha, barabara za mijini hujaa watembeaji wapya alfajiri. Raba miguuni, chupa ya maji mkononi, na lengo ni moja: kupungua. Ukipita barabara hizohizo wiki sita baadaye, wengi wao huwaoni tena. Walipanda mizani, wakakuta namba ileile, wakaona wamejisumbua bure.

Hawakujisumbua bure, na inauma kuona mtu anaacha jambo jema kwa sababu aliahidiwa kitu ambacho jambo hilo halitoi. Ukweli ni kwamba kutembea peke yake hupunguza kilo chache tena polepole, na kwa baadhi ya watu hakupunguzi hata moja. Kazi kubwa ya kupunguza kilo hufanyika kwenye sahani na kwenye kikombe. Kazi ya kutembea ni kuulinda moyo, kushusha sukari, kupunguza mafuta ya tumboni, na kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Anayezijua kazi hizi mbili tangu mwanzo hakati tamaa njiani.

Hesabu ya nusu saa

Mchukue mtu mwenye kilo 80 anayetembea kwa haraka kwa nusu saa, yaani karibu kilomita mbili na nusu. Ukitoa nishati ambayo mwili wake ungetumia hata kama angekaa kwenye kochi, matembezi hayo yamemgharimu takriban kalori 100. Sasa angalia upande wa pili. Chapati moja ya kusukuma iliyokaangwa vizuri ina kalori kati ya 250 na 300. Soda ya mililita 350 ina karibu 150. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina 120. Nusu saa ya jasho hailipi hata nusu ya chapati.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Mtu wetu akitembea nusu saa kila siku bila kukosa, kwa wiki anatumia kalori 700. Ili kilo moja iondoke anahitaji wiki 11, na hapo tumechukulia kwamba hakuongeza hata tonge moja. Hiyo ndiyo sababu mizani ya wiki ya sita haimwambii kitu.

Tuseme mtu huyohuyo hunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Ni vijiko tisa, gramu 36. Akishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe, ameokoa karibu kalori 100 kwa siku, sawa kabisa na matembezi yake. Akifanya yote mawili, kilo iliyohitaji wiki 11 inahitaji chini ya sita. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati tunayokula, na ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima, soda na juisi zikiwemo. Wengi wetu huvimaliza vijiko hivyo kabla ya saa nne asubuhi.

Walichotufundisha Wahadzabe

Ushahidi mmojawapo mzito zaidi kuhusu kutembea na uzito ulipatikana Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mtaalamu wa Marekani aitwaye Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu sita, tena wengine wakiwa na mtoto mgongoni na mzigo wa mizizi. Watafiti waliwanywesha maji yenye chembe zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, kisha wakapima ni nishati kiasi gani mwili wa kila mmoja unatumia kwa siku.

Kila mtu angetarajia Wahadzabe wawe wanatumia nishati nyingi kuliko wafanyakazi wa ofisini wa Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Walipozingatia ukubwa wa mwili, watafiti walikuta matumizi ya siku yanakaribiana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukiutumia sana kwenye kutembea, unabana matumizi mahali pengine, ndani kwa ndani, bila wewe kujua. Kwa hiyo si kalori zote unazochoma barabarani zinazoongezeka juu ya matumizi ya siku kama hesabu ya kwenye simu inavyodai.

Lakini Wahadzabe si wanene. Sehemu kubwa ya sababu iko kwenye chakula chao: mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, matunda ya porini, ubuyu, nyama, na asali wanapoipata. Hakuna soda, hakuna unga uliokobolewa, hakuna kinachokaangwa kwenye karai la mafuta. Na kuna jambo la pili, ambalo ni muhimu vilevile. Watafiti walipopima afya ya moyo na mishipa ya Wahadzabe, walikuta dalili chache sana za hatari, hata kwa watu wazima. Chakula huwaweka wembamba, na shughuli za mwili husaidia kuuweka moyo wao imara. Masomo yote mawili yanatuhusu.

Mwili hudai ulichotoa

Mbali na bajeti hiyo ya ndani, kuna mambo matatu yanayokula faida ya matembezi, na yote unaweza kuyadhibiti ukiyajua.

La kwanza ni njaa. Baadhi ya watu hurudi kutoka matembezini na hamu kubwa ya kula. La pili ni kukaa: mtu ametembea asubuhi, basi siku nzima anaona ana haki ya kutonyanyuka. Lifti badala ya ngazi, bodaboda hadi dukani hapo nyuma ya nyumba. La tatu ni kujizawadia, na hili ndilo linaloangusha wengi.

Ukitaka kuliona, nenda kwenye klabu yoyote ya jogingi ya Dar es Salaam Jumamosi asubuhi. Fulana za rangi moja, nyimbo, vigelegele, barabara nzima inapendeza. Saa mbili wanafika mwisho wa safari, na hapo meza imeandaliwa: supu ya ng'ombe yenye tabaka la mafuta juu, chapati mbili mbili, soda baridi. Mtu aliyetumia kalori 300 kwa saa nzima anaondoka mezani akiwa ameingiza 900. Klabu hizi ni hazina. Zinawapa watu marafiki, nidhamu na furaha, na sipendi hata moja ife. Ninachowaomba viongozi wake ni kubadilisha meza: maji, matunda, mayai ya kuchemsha, supu iliyoenguliwa mafuta, na chapati moja kwa anayeitaka.

Basi kwa nini utembee?

Kwa sababu faida za kutembea ambazo mizani haizioni ni kubwa kuliko ile inayoiona.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kwenye usukani siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Kampuni moja, gari moja, tofauti kubwa ikiwa kazi ya miguu. Tangu wakati huo ushahidi umezidi kurundikana kwamba miguu inayofanya kazi hulinda moyo, uwe mnene au mwembamba.

Kisha kuna sukari. Misuli ya miguu inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 baada ya mlo huzuia sukari isipande sana, na hili lina maana ya pekee kwa watu wetu ambao mlo wa jioni ndio mkubwa na baada yake ni tamthilia na kitanda. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi lililopunguza chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka, lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliotumia dawa ya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Waliofanikiwa hivyo walikuwa wamepungua kilo tano au sita tu kwa wastani. Usidharau kilo tano.

Faida ya tatu ni kitambi chenyewe. Mafuta yaliyo hatari zaidi ni yale yanayozunguka ini na utumbo. Mazoezi ya kila siku huyapunguza hata pale ambapo uzito haujasogea sana, ndiyo maana mtu huona mkanda wa suruali umesogea tundu moja wakati mizani imekaa palepale.

Ya nne ni kulinda ushindi. Kupungua ni kazi, lakini kubaki umepungua ni kazi kubwa zaidi. Tangu mwaka 1994 watafiti wa Marekani wana rejista ya watu waliopungua angalau kilo 13 na nusu na kubaki hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Walipoulizwa wanafanya mazoezi gani, jibu lililoongoza ni kutembea, na kwa wastani mazoezi yao hufikia saa moja hivi kwa siku.

Anza na sahani

Usianze na orodha ya vyakula vya marufuku, kwa sababu haitadumu wiki mbili. Anza na vitu vinne.

Kwanza, vinywaji. Maji yachukue nafasi ya soda na juisi ya kiwandani. Juisi ya miwa na ukwaju uliojaa sukari pia ni vinywaji vitamu, hata kama vimetengenezwa nyumbani. Kwa wanaokunywa pombe, chupa ya bia ya mililita 500 ina takriban kalori 200, na bia mara nyingi huja na nyama choma na ndizi.

Pili, mafuta. Jikoni kwetu tunainamisha chupa juu ya sufuria na kukadiria kwa jicho. Weka kijiko karibu na jiko na pima. Mboga ya familia ya watu watano inatosha kwa vijiko vitatu vya chakula. Ukipika kwa tui la nazi, usiongeze mafuta mengine.

Tatu, mgawanyo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani au mboga nyingine: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia. Robo iwe samaki, maharage, dagaa, kuku au nyama. Robo iliyobaki iwe wali, ugali au ndizi. Kwa mama ntilie mwambie tu, "Mama, wali nusu, mboga za majani niongezee," na atakuelewa. Wanaokula kwenye sinia moja wana ugumu zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua amekula kiasi gani. Pakua sehemu yako pembeni kwa miezi hii ya mwanzo, na uwaeleze wenzako sababu ili wasione umejitenga.

Nne, usiku. Chipsi mayai ya saa nne usiku ina kalori nyingi kuliko matembezi yako ya siku kadhaa. Kula mapema, na ukishakula, toka nje utembee.

Namna ya kutembea

Kipimo cha mwendo ni pumzi. Uweze kuongea sentensi nzima na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikatike. Ukitaka namba, hesabu hatua zako kwa sekunde 15: zikifika 25, mwendo unatosha. Kutembea pole ukiangalia simu ni bora kuliko kulala, lakini usikuhesabu kuwa ni zoezi.

Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kama hujafanya mazoezi kwa miaka, au magoti yanauma, anza na dakika 10 kwa siku kwenye ardhi tambarare, na ongeza dakika tano kila wiki. Huna lazima ya kuzimaliza kwa mara moja. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 baada ya chakula cha jioni ni nusu saa kamili. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Mfuate mtoto shuleni kwa miguu. Katika Ramadhani tembea baada ya futari, na kama msikiti uko karibu, kwenda na kurudi tarawehe kunahesabika.

Usihangaishwe na hatua 10,000. Namba hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Mwaka 2019 utafiti wa I-Min Lee na wenzake kwa wanawake wazee karibu 17,000 ulionyesha kwamba waliofikisha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliokuwa na 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi kama hatua 7,500. Kama leo unapiga hatua 3,000, lengo lako la mwezi huu ni 4,500.

Tafuta raba zenye soli laini na nafasi mbele ya vidole. Za mtumba zinafaa kama soli haijalala upande mmoja. Kwa joto la pwani, tembea kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tembea ukiangaliana na magari yanayokuja, na alfajiri vaa nguo ya rangi nyepesi. Kwa usalama, na kwa kudumu pia, tafuta mwenzako mmoja. Ni vigumu kubaki kitandani ukijua jirani anakusubiri getini.

Usivae nailoni wala koti zito ili utoe jasho zaidi. Kinachopungua ni maji, nayo hurudi ukishakunywa, na kwenye joto letu unaweza kuzimia. Mkanda wa tumbo na chai za kuharisha navyo haviyeyushi mafuta. Okoa pesa yako ununue mboga.

Ongeza kitu kimoja: nguvu. Mtu anayepunguza chakula hupoteza mafuta pamoja na misuli, na misuli ndiyo inayokubebea mwili uzeeni. Mara mbili kwa wiki kaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume mbele na nyuma. Haihitaji jimu.

Kwa wanaotembea siku nzima kwa kazi, kama machinga na akina mama wanaouza mboga kwa beseni, sisemi mtembee zaidi. Miguu yenu imeshafanya kazi yake. Kama uzito unaongezeka, tazameni chai ya sukari na maandazi yanayoshika nafasi ya mlo kamili, na usingizi, maana anayelala saa tano usiku na kuamka saa tisa kwenda sokoni mwili wake hudai kula zaidi.

Wanaohitaji kumwona daktari kwanza

Muone daktari kabla ya kuanza kama una ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, au maumivu ya kifua unapopanda ngazi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi atembee na pipi au glukosi mfukoni, na kila jioni akague nyayo zake kama kuna kidonda au lengelenge. Ukiwa njiani ukabanwa kifua, ukaona kizunguzungu au pumzi ikakata isivyo kawaida, simama na utafute msaada wa tiba siku hiyohiyo.

Pima kwa haki

Nunua futi ya fundi cherehani. Asubuhi kabla ya kula, ipitishe kiunoni usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Kwa wanaume, kuanzia sentimita 94 hatari ya kisukari na moyo imeanza kupanda. Kwa wanawake ni sentimita 80. Andika namba hiyo pamoja na uzito na kipimo cha presha. Panda mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, kwa kuwa maji na chumvi vinaweza kuipandisha au kuishusha kilo moja au mbili ndani ya siku chache.

Jipe wiki 12. Kwa mtu wa kilo 80, kupungua kilo nne ni asilimia tano ya mwili, na kiasi hicho kinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Kama kiuno kimepungua na unapanda ngazi bila kuhema, umefanikiwa, hata kama hujafikia kilo ulizotamani.

Limebaki jambo la watu wanaotuzunguka. Kwetu unene bado husifiwa kama ushahidi wa maisha mazuri, na anayepungua huulizwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Swali hilo limewarudisha wengi kwenye soda na chapati, hasa wanawake walioolewa, ambao wembamba wao huchukuliwa kama aibu ya mume. Tunaweza kuliacha. Mama akianza kutembea jioni, mume amshike mtoto au, bora zaidi, watembee wote. Baba akipunguza wali, asiwekewe kijiko cha pili kwa lazima. Mtu akipungua kwa juhudi zake, mwambie amependeza, na muulize anatembea saa ngapi ili kesho muongozane.